Kafara si damu ya abiria

Kila inapotokea ajali mbaya ya basi, hazipiti siku mbili utasikia vijiweni: "Mwenye gari katoa kafara." Maneno haya husemwa hata na Waislamu wanaoswali swala tano. Mimi nikiwa mwalimu wa maarifa ya Uislamu naona neno hili limepinduliwa kabisa.

Kafara asili yake ni Kiarabu, kaffara, lenye maana ya kufunika. Kisheria ni jambo analotakiwa kulifanya mkosaji ili Allah (S.W.) amfunikie kosa lake. Aliyevunja kiapo alishe maskini 10, au awavishe, au aache huru mtumwa; asiyeweza afunge siku 3 (Qur'an 5:89). Aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani, hadithi zimemtaka aache huru mtumwa. Akishindwa afunge miezi 2 mfululizo. Akishindwa alishe maskini 60.

Ndugu msomaji, zingatia. Anayebeba mzigo ni mkosaji mwenyewe, na anayenufaika ni mnyonge. Hakuna pahala roho ya mtu mwingine inapotolewa. Hiyo ni imani ya waganga, na kumtuhumu mtu bila ushahidi ni dhana mbaya iliyokatazwa (49:12).

Basi dereva aliyeua bila kukusudia ana kafara? Anayo! Qur'an (4:92) imemwekea mambo mawili. La kwanza ni kuacha huru mtumwa Muumini, na asiyempata, kama ilivyo leo, afunge miezi 2 mfululizo. Hiyo ni haki ya Allah. La pili ni diya kwa warithi wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Hiyo ni haki ya waja, na funga haiifuti.

Lakini tunaona nini? Mtu anachinja mbuzi, anasomewa dua, nyama inagawiwa mtaani, kisha anarudi barabarani. Mjane hajafikiwa hata kwa salamu. Nasi tukishasema "ni kafara", hatuulizi tena breki zilikuwaje, wala mwendo ulikuwa kiasi gani. Neno lililowekwa limwajibishe mkosaji, tumeligeuza kuwa pazia la kumficha.

Tulirejeshe neno hili mahala pake. Anayetaka kufunikiwa kosa na Mola wake, aanze kubisha hodi kwa wafiwa. Wallahu a'lam.