Simba Ana Jina, Mbuzi Hana

Yule simba aliyeuawa karibu na Amboseli Mei 2023 alikuwa na jina: Loonkiito. Miaka 19, umri ambao simba dume wa porini haufikishi kirahisi. Aliingia boma usiku akitafuta chakula, akachomwa mkuki. Picha yake ilizunguka kwa simu zetu zote. Mimi pia niliisambaza, nikiwa kitandani Umoja, na nikawaita waliomuua washenzi. Sijivunii.

Baadaye mimi na marafiki tulichanga pesa ya gari, tukaingia Mbuga ya Nairobi alfajiri. Mnamo saa tatu tukamkuta simba jike amelala kando ya barabara, magari saba yamemzunguka, kila dirisha lina simu. Akapiga miayo. Tulipiga kelele kama watoto, na kusema ukweli, ilikuwa raha.

Jioni nikapitia kwa shangazi, upande wa Kitengela. Anafuga mbuzi. Nikamwonyesha video, nikingoja ashangae.

"Alikuwa anaangalia upande gani?" akauliza.

Hiyo mbuga ilianzishwa 1946. Ina ua pande tatu; kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, iko wazi ili wanyama waende nyanda za Kitengela na kurudi. Yaani ua uko upande wetu sisi wa mjini. Upande wa shangazi ni mlango.

Huwa tunasema wanyama ni urithi wetu sote. Sawa, lakini mimi nikishalipa kiingilio nimemaliza. Yeye analipa kwa usingizi, mbwa wakibweka tu anaamka na tochi. Sheria ya 2013 inaahidi fidia, hadi shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Mbuzi wake wawili walipoliwa alijaza fomu, akangoja, akafuatilia, mwishowe akaacha kuuliza.

Rafiki yangu mmoja anasema mbuzi wananunulika, simba wakiisha wameisha. Ana hoja, maana simba wa Kenya nzima hawafiki 3,000. Mimi pia sitaki wauawe. Lakini mbona uchache wa simba uwe deni la yule anayeishi karibu naye pekee? Mbuzi wa shangazi ndio karo ya binamu yangu. Kama kweli simba ni wetu sote, basi yule mbuzi aliyeliwa pia alikuwa wetu sote, na sikumbuki mtu yeyote kwa simu yangu akimlilia. Hata mimi, na ni wa shangazi yangu.

Nilipokuwa naondoka aliniomba nimtumie ile video. Nikafurahi, nikadhani hatimaye ameona uzuri wake. Kumbe alikuwa ameona sikio lililochanika, anataka jirani aangalie kama ni yule yule wa juzi.