Haki ya Majeruhi na Msamaha wa Haraka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, alinijia baada ya sala ya Alasiri kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, akitembea kwa mkongojo. Mapema mwaka huu aligongwa na gari akivuka njia, akavunjika mguu. Siku ya tatu, hali angali kitandani na mguu umefura, wakamwendea wazee wa mwenye gari pamoja na wazee wa mtaa, wamechukua sinia ya halua na shilingi 10,000. Wakasoma Fatiha, wakamwambia: "Mwanetu, hii ni kadari ya Mungu, mwenzio hakukusudia, samehe upate thawabu." Akasamehe, akatia kidole gumba katika karatasi. Sasa mfupa umeunga, lakini mguu umekuwa mfupi, na kazi yake ya kuchukua mizigo haiwezi tena. Akaniuliza: "Sheikh, nikidai leo, nitakuwa nimevunja ahadi yangu mbele ya Mungu?"

Nimeona jawabu yake yawafaa wengi, kwa hivyo naiandika.

Hilo neno "hakukusudia" ni kweli, na faida yake ni kuondoa kisasi na dhambi. Dhamana haiondoi. Mwenye kukanyaga chungu cha jirani yake gizani hulipa chungu. Seuze mfupa wa mwanadamu? Katika Sura ya Annisaa, aya ya 92, Mwenyezi Mungu ametaja kuua kwa kukosea, wala si kwa kusudi, na juu ya kosa hilo akawajibisha dia na kafara. Ama kadari, twaiamini sote. Lakini yule aitajaye kadari mguu wa mwenziwe ukivunjika, gari lake likichubuliwa rangi husimama katikati ya njia akamshika mtu kanzu mpaka alipwe.

Wala asiseme mtu kuwa vitabu vyetu havikuyajua magari. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 8 kilichokutana Brunei mwaka 1993, ilikata kuwa dereva ana dhamana ya madhara awapatishayo watu katika miili yao na mali zao, ila likiwa ni jambo asiloweza kulizuia kabisa, au sababu yake ni aliyegongwa mwenyewe au mtu mwingine.

Sasa natazame kila mtu kiasi cha haki hii katika madhehebu ya Imamu Shafi. Dia ya mwanamume Mwislamu ni ngamia 100. Jicho moja ni 50, na mkono mmoja vivyo hivyo. Kila kidole ni 10, kila jino ni 5, na jeraha la kichwa au uso lililofichua mfupa ni 5. Mguu uliovunjika usikatike hauna hisabu iliyowekwa. Una hukuma, yaani sehemu ya dia ikadiriwayo kwa kadiri ya upungufu uliobaki. Na hukuma haikadiriwi ila baada ya jeraha kupona.

Hapa ndipo penye jawabu ya kijana wetu. Kwa kauli jadidi ya Imamu, kusamehe deni lisilojulikana kiasi chake hakusihi (wanavyuoni wametoa humo ngamia wa dia, kwa kuwa idadi yao yajulikana). Basi kijana huyu alisamehe nini siku ya tatu, hali hata tabibu hakujua mguu utaungaje? Hakuvunja ahadi yoyote. Na adai, zile shilingi 10,000 alizopewa zitahisabiwa katika haki yake.

Nao wale wazee waliochukua sinia, je, wajua kuwa wao ndio wadeni? Malipo ya kukosea, katika sharia, hubebwa na aakila: ndugu wa mkosaji, na ami zake, na wana wa ami zake, baba na wana wake hawamo. Dia kamili hulipwa kwa miaka 3. Basi waliomwendea mgonjwa kumtaka asamehe walikuwa wakijiombea wenyewe, nao wamejivika kanzu ya wasuluhishi.

Likiwa ni la mauti, jambo ni zito zaidi. Kafara ni haki ya Mungu, haisamehewi na jamaa: utumwa umekwisha, basi ni saumu ya miezi 2 mfululizo. Na dia ni mirathi. Sayyidna Umar alikuwa akiona mke hana fungu katika dia ya mumewe, mpaka Dhahhaki bin Sufyani alipomjulisha kuwa Mtume (S.A.W.) alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam katika dia ya mumewe; Umar akarejea. Na leo twaona ndugu wa maiti wakipokea fedha barazani, mjane yumo ndani hana habari! Kila mrithi husamehe fungu lake tu, na fungu la yatima halisamehewi na walii wake.

Kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, dai la jeraha huenda katika mahakama ya serikali, wala si haramu mtu kuitafuta haki yake huko. Muda wake ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Likiwa gari ni la serikali, miezi 12. Wengi hukaa wakingojea sulhu mpaka muda ukapita. Apige ripoti kwa polisi, na karatasi za tabibu azihifadhi.

Kijana wetu angali na wakati. Nimemwambia amtafute wakili, nami Ijumaa ijayo nitakwenda kwa wazee wale kuwasomea haya.

Wallahu aalam.