Amana Iliyomo Ndani ya Simu

Mwezi uliopita tulikaa barazani na wenzetu watatu, na mazungumzo yakaangukia simu. Mmoja wao alikuwa amenunua simu mpya, nayo ilipowashwa ilimwuliza kama ataka kuweka namba ya siri. Akakataa, akaendelea na mambo yake. Tulipomwuliza sababu akasema, "Mimi sina la kuficha. Mtu mwaminifu aficha nini?" Neno hilo lilitukaa moyoni siku nyingi, kwa maana lilitoka kinywani mwa mtu mwema, ambaye kweli hana hila. Walakini kila tulipolipima tuliliona limepungukiwa, na leo twataka kueleza limepungukiwa wapi.

Kwanza yafaa tulifahamu jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba kufunga simu ni sawa na kufunga mlango wa nyumba: vyombo vya ndani vimekaa vile vile, ila mgeni hana njia ya kuvifikia. Kama ingekuwa hivyo tu, fundi hodari angebomoa ukuta, yaani angeifungua simu kwa bisibisi, akakitoa kile kipande kinachotunza kumbukumbu na kuyasoma yote mahali pengine. Lakini simu za siku hizi hufanya na jambo la pili, ambalo wataalamu huliita usimbaji fiche. Maana yake, kila barua, kila picha na kila jina hugeuzwa kuwa fumbo kabla ya kuwekwa akibani, na fumbo hilo halisomeki pasipo ufunguo wake. Ufundi wa namna hii ni wa kale sana. Julius Caesar wa Rumi aliandika barua zake za siri kwa kuisogeza kila herufi nafasi tatu, hata msomaji asiyejua akaona maneno yasiyo na maana. Simu hufanya hesabu iliyo ngumu mno kuliko hiyo. Kanuni inayotumika sana ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na serikali ya Marekani iliikubali kuwa kanuni yake rasmi mwaka 2001. Mwizi wa simu hashindani na kanuni hiyo. Yeye huotea namba ya mwenye simu, na huweza kufaulu ikiwa namba yenyewe ni mwaka wa kuzaliwa.

Basi yule rafiki yetu aliposema hapana, alikataa nini hasa? Hapa watu wengi hawaelewi vizuri. Kampuni ya Apple ilitangaza Septemba 2014 kwamba simu zake zenye programu mpya ya mwaka ule, zikiwa zimefungwa kwa namba ya siri, hata yenyewe haiwezi kuzifungua. Kwa simu za Android, tangu toleo la 10 la mwaka 2019, kila simu mpya sharti isimbe yaliyomo; na mwaka huo huo Google ilitoa njia nyepesi iitwayo Adiantum, iliyokusudiwa simu za bei ndogo ambazo hazina nguvu ya kufanya hesabu ile kubwa upesi. Kwa hiyo simu ya rafiki yetu husimba, apende asipende. Lakini pasipo namba ya siri ufunguo hubaki umening'inia mlangoni. Simu huyafumba yote kwa uangalifu mkubwa, kisha humfumbulia yeyote aigusaye. Shauri lililobaki mkononi mwa mwenyewe ni dogo, nalo ndilo lenye uzito: je, ataweka namba, na namba ya namna gani? Yenye tarakimu 4 yaweza kuwa mojawapo ya namba 10,000; yenye tarakimu 6 yaweza kuwa mojawapo ya 1,000,000.

Sasa turudi kwenye neno lake, "sina la kuficha." Tulimwomba aifungue simu yake mbele yetu na kutuambia yaliyomo, pasipo kutuonyesha. Alianza kwa kucheka. Akataja picha ya cheti cha hospitali ambacho dada yake alimtumia amsomee. Akataja barua ya jirani aliyeomba mkopo wa ada ya shule, akisihi mtu mwingine asijue. Akataja ujumbe wa kijana anayetaka kuoa, na nyumbani kwao bado hawajaambiwa. Alipofika hapo akanyamaza, maana aliona mwenyewe. Yeye hakuwa na la kuficha. Wenzake walikuwa nalo, nao walikuwa wamemkabidhi yeye.

Wazee husema, siri ya mtungi muulize kata. Siku hizi kata ni simu. Huingia katika kila mtungi wa kila nyumba, na mtu huitia mfukoni akapanda nayo basi.

Twamjua mama mmoja aliyekuwa mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Simu yake ilinyakuliwa stendi, nayo haikuwa na namba. Fedha zilizokuwa katika simu hazikuguswa, kwa kuwa huduma ya kutuma pesa ina namba yake ya siri iliyo mbali na hiyo. Watu wakamwambia ashukuru, amepoteza chombo tu. Lakini mwizi alikaa akasoma. Alijua nani anadaiwa na kiasi gani, akawaandikia wanakikundi kwa sauti ya mhazini, kwa salamu zake zile zile, akiwaomba walete marejesho kwa namba nyingine. Wawili wakatuma. Hasara hiyo kikundi kiliilipa baada ya miezi michache. Isiyolipika ilikuwa ya mama mwingine, ambaye alikuwa amemweleza mhazini ugonjwa wake ili aongezewe muda wa kulipa. Huyo mwizi alimwandikia kwamba asipotuma pesa watu wote wataambiwa. Mama yule alituma, akatuma tena, kisha akaacha kuja kikundini. Mhazini alikwenda kwake mara tatu kuomba radhi. Hakuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Alikuwa tu ameona taabu kugonga tarakimu sita kila mara anapotaka kuitumia simu.

Sheria zetu zimelitambua jambo hili. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, nyumba yake na mawasiliano yake. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya walitunga yao mwaka 2019. Ni sheria njema, ila mwizi wa stendi hakuisoma.

Wako wanaotupinga, nao wasikilizwe. Husema kwamba kufuli ile ile huwafaa na waovu. Ni kweli. Tarehe 2 Desemba 2015, katika mji wa San Bernardino huko California, mume na mke waliwaua watu 14 kwa bunduki, nao wakauawa na polisi siku ile ile. Simu ya mume, iliyokuwa mali ya ofisi ya umma alimofanya kazi, ilibaki imefungwa. Wapelelezi walitaka kujua kama walikuwako washirika. Februari 2016 hakimu akaiamuru Apple itengeneze programu ya kuondoa ulinzi wake, kwa maana simu hiyo huweza kujifuta baada ya kukosea namba mara 10. Apple ikakataa, ikisema kwamba chombo cha kufungua simu moja ni chombo cha kufungua zote. Tarehe 28 Machi 2016 serikali iliondoa shauri lake mahakamani, ikisema imepata msaada wa mtu wa nje na simu imefunguka.

Hatuwezi kulipita jambo hili kwa wepesi, kana kwamba huzuni ya jamaa za wale 14 si kitu. Mtu aliyefiwa ana haki ya kuuliza kwa nini mlango usivunjwe. Jibu letu ni kwamba anayedai ufunguo wa pili hawezi kuuchagulia mikono. Leo umo mkononi mwa hakimu mwenye haki, kesho mkononi mwa karani aliyehongwa. Mwezi wa Februari 2025, habari zilipokwisha kuenea kwamba serikali ya Uingereza yadai njia ya kuingilia, Apple iliacha kuwapa watumiaji wapya wa nchi hiyo ulinzi wake ulio imara kuliko wote wa nakala zinazotunzwa nje ya simu. Serikali ilikusudia kuwakamata wahalifu, lakini waliopungukiwa ni watu wote wa nchi ile.

Wengine huuliza juu ya mume na mke. Je, si dharau kumfungia mwenzako? Hapa hatutaki kutunga amri. Mambo yetu wenyewe twaweza kumfunulia mwenzetu yote. Lakini cheti cha dada, na ugonjwa wa yule mwanakikundi, si mambo yetu, wala hatukupewa ruhusa ya kuyafunua, hata kwa yule tunayelala naye nyumba moja. Anayejua kutunza siri za watu anaelewa hayo, na nyumba yake haivunjiki kwa ajili hiyo.

Limebaki pingamizi moja, nalo latulemea kweli. Kufuli hii haina fundi. Tulimwona mjane mmoja aliyechukua simu ya marehemu mumewe kwa fundi wa mjini. Ndani yake zilikuwamo picha za mwisho za watoto pamoja na baba yao, na stakabadhi ya kiwanja iliyopigwa picha, na sauti yake akiimba. Fundi alimwambia kweli: naweza kuifuta yote ukaiuza kama mpya, kuifungua siwezi. Mama akaifunga tena katika kitambaa akarudi nayo nyumbani. Mlango ule ule ungaliowazuia wezi wa stendi ulimzuia yeye, na hakuna aliyemkosea. Nakala za mazungumzo ya WhatsApp nazo ni hivyo hivyo: tangu 2021 mtu aweza kuzisimba kwa nywila au kwa ufunguo wa tarakimu 64, na akiupoteza, kampuni yenyewe haiwezi kumsaidia.

Kwa ajili ya mjane huyu tulisitasita muda mrefu kuliko kwa ajili ya wapelelezi wa California. Mwisho tuliona kwamba kasoro haikuwa katika kufuli. Marehemu aliilinda siri, lakini hakufikiri ni nani atakayeirithi. Watu wa kale hawakuliacha sanduku la hati bila kumwonyesha mtu mmoja mahali pa ufunguo, nao hawakumwonyesha kila mtu.

Kwa hiyo sisi tumeweka namba ya tarakimu 6, isiyo mwaka wala siku ya mtu. Ile kadi ndogo ya kumbukumbu, ambayo yaweza kuchomolewa kwa kucha na kusomwa katika simu nyingine, tumeitolea nyaraka zote za watu na kuiachia nyimbo. Namba tuliiandika kwa kalamu katika karatasi, tukaitia bahasha na kuigundisha, tukampa ndugu yetu mmoja aiweke pamoja na hati zake za shamba, asiifungue tukiwa hai na tukiwa na akili zetu. Aliuliza kama yamo mambo mabaya ndani ya simu. Tukamwambia yamo mambo ya watu. Akaichukua kwa mikono miwili.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Tangu hapo tumeibadili namba mara moja, na bahasha iliyo kwa ndugu yetu ina namba ya zamani. Jumamosi tutakwenda kwake na karatasi nyingine.