Kaka Yangu Yu Hai

Naanza na kosa langu mwenyewe, maana mwandishi anayeanza na makosa ya jirani mimi huwa simwamini. Mwaka 2017, ndani ya daladala la kwenda Mbagala, msichana niliyekuwa nampenda aliniuliza: "Hivi kwenu mmezaliwa wangapi?" Nikamjibu: "Watatu, ila kaka alifariki." Akanipa pole. Nikaipokea kwa sauti ya majonzi kabisa. Jioni nilipofika nyumbani, marehemu ndiye aliyenifungulia mlango.

Kaka hakufa. Mwaka 2015 alianguka na bodaboda akiwa abiria, kichwani hana kofia ngumu. Siku 11 hakujitambua. Alipofumbua macho tulipiga vigelegele wodini mpaka nesi akatutoa nje. Hatukujua kwamba safari ndiyo kwanza inaanza. Aliyerudi nyumbani alikuwa na sura ya kaka, sauti ya kaka, hata kovu lake la utotoni. Lakini kaka alikuwa mpole. Huyu anafoka kwa sababu ya chumvi. Kaka alikuwa na haya. Huyu alicheka msibani, watu wakageuka kututazama. Ukimtuma sokoni, anarudi mikono mitupu, ama harudi mpaka mtoke kumtafuta.

Mkono ukivunjika unafungwa hogo, kila mtu anaona, hata kwenye daladala unapishwa kiti. Ubongo haufungwi hogo. Kwa hiyo mtaani walisema karogwa, wengine ati bangi, wengine wakaapa kwamba ni mlevi. Nasi wa nyumbani tulikuwa na usemi wetu, tukiusema kwa kunong'ona: "Yule siyo yule tena."

Hebu tujiulize, basi. Mtu akibadilika namna hiyo, bado ni yule yule? Na kama siye, sisi tunawajibika kwa nani?

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, alisema kinachomfanya mtu awe yule yule ni fahamu yake, ile inayoweza kurudi nyuma na kuyafikia matendo yake ya zamani. Nilipokutana na hoja hiyo niliipenda mno, maana ilinipa ruhusa. Kaka haikumbuki ajali, wala miezi kadhaa kabla yake. Kumbe kwenye daladala sikudanganya! Nilitembea na hoja hiyo wiki nzima, kabla sijagundua kwamba naitumia kama maficho.

Baadaye nikasoma habari za Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli huko Vermont, Marekani. Mwezi Septemba 1848, akiwa na umri wa miaka 25, baruti ililipuka, na mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 ukaingilia shavuni, ukapita nyuma ya jicho la kushoto na kutokea utosini. Alipona. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba jamaa zake walimwona si Gage tena. Sentensi ile ile ya kwetu, bwana! Wasimulizi wengi huishia hapo. Wanasahau kwamba mwaka 1852 Gage alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, kabla hajafariki mwaka 1860. Kuongoza farasi, kutunza abiria, kufuata ratiba, hiyo siyo kazi ya mtu aliyekwisha. Wapo watafiti wanaoamini kwamba utaratibu wa kazi yenyewe ndio uliomsaidia.

Naamini, kwa sababu nimeona. Kaka alikuwa fundi cherehani. Kukata suti hawezi tena. Anapima, anasahau, anapima upya, mwisho anatupa mkasi. Lakini mzee mmoja fundi pale mtaani alimwita: "Njoo unikunjie pindo na kunitilia vifungo." Kila siku saa 3 asubuhi, kiti kile kile, kazi moja kwa wakati mmoja. Saa 6 anapumzika, maana ubongo ulioumia unachoka haraka. Mikono inakumbuka. Hasira imepungua, ingawa haijaisha. Mzee yule hakuuliza kama huyu ni yule wa zamani. Aliuliza huyu anaweza nini.

Mimi nasema hivi: utu wa mtu haukai kichwani mwake peke yake. Sehemu yake tunayo sisi, kama amana. Tunakumbuka alivyotubeba mgongoni, nyimbo alizopenda, jina lake la utani. Yeye ameporwa kumbukumbu na ajali; tukisema "siyo yule", tunamnyima na zile alizotuwekea.

Lakini usinihubirie upendo bila kumtazama mama. Genge lake la nyanya lilikufa. Amelinda usiku, ametukanwa na mtoto wa tumbo lake. Anamlilia mtu ambaye hajafa, na msiba usio na matanga hakuna anayeuletea sukari. Mzigo huo si wa mtu mmoja. Uingereza, mwaka 1979, familia za watu kama kaka zilikuwa miongoni mwa walioanzisha Headway. Marekani, mwaka 1980, Marilyn Price Spivack, mama ambaye binti yake aliumia kichwa katika ajali ya gari mwaka 1975, alianzisha chama cha taifa zima. Alianza akiwa mzazi tu aliyechoka kukaa kimya. Kwetu Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, lakini sheria haipigi hodi. Lazima watu wakusanyike waibebe, kuanzia nyumba moja na ya jirani.

Na tunapowasemea, tuwe waangalifu. Siku moja kliniki, daktari aliniuliza mimi: "Anaendeleaje?" Nikaanza kueleza, kwa ufasaha wangu wote. Kaka akagonga meza: "Dogo, mimi nipo hapa."

Sikuwa na la kusema. Ndiyo jibu lililonishinda kuliko Locke. Tangu siku hiyo nabeba daftari la dawa na tarehe, lakini yeye hujibu kwanza. Akikwama ndipo namkumbusha.

Yule msichana nilikuja kumwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Anaitwa nani?" Nikagundua kwamba tangu mwaka ule sikuwa nimelitamka jina la kaka mbele ya mgeni.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukimwona pale kijiweni anarudia hadithi ile ile mara ya tatu, usimcheke. Muulize jina lake, halafu subiri jibu, hata likichelewa.

Naomba kutoa hoja.