Sauti Iliyouacha Moto

Saa saba usiku ukungu ulipanda kutoka bonde la Ruvuma, ukapita ukingo wa Shimo la Mungu, ukatukuta uwanjani. Newala iko juu, na kiangazi chake kina baridi ambayo mtu wa Mtwara mjini haisadiki mpaka aivalie koti. Haikupita nusu saa ngoma zikaanza kukohoa. Ngozi ikinywa unyevu hulegea. Ile ndogo yenye mguu mwembamba unaochomekwa ardhini, iliyokuwa ikilia kwa ukali, sasa ilinung'unika. Mpigaji mkuu akainua mkono. Vijana waliotoka jandoni wiki ile wakakaa mikekani na mama zao, na mzee mmoja aliyejikunyata kando ya uwanja tangu magharibi akainuka, akasukuma mabua ya mtama kwenye majivu yaliyokuwa bado na uhai, moto ukaruka.

Alizipasha moja moja. Alizizungusha ngozi ikiutazama moto kwa mbali, akigonga kwa ncha ya kidole, akiinamisha kichwa, akigonga tena. Kigingi kimoja kilichochomoka kidogo alikirudisha kwa jiwe. Kazi yote ilichukua kama robo saa. Watu wakanunua karanga, wengine wakaenda kichakani, watoto wakasinzia. Kisha wimbo ukaendelea pale pale ulipoachwa, na nadhani ni mimi tu, mgeni, niliyekuwa bado namtazama mzee.

Nijuavyo, Kiswahili kina methali moja tu inayomhusu mtu wa kazi hii, nayo inamsengenya: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tunaitumia kwa wenyeviti wanaojigawia posho na ndugu wanaogawa mirathi wakianza na fungu lao. Lakini aliyewahi kuangalia ngoma ikiwambwa anajua kwamba mwambaji huvuta kwake, akageuza gogo, akavuta kwake tena, akageuza tena, na akimaliza mzunguko ngozi imevutwa sawa pande zote. Asipovuta kwake atavuta kwa nani? Methali ilimwona alipovuta mara ya kwanza, ikaondoka kabla hajageuza gogo.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu swali ninalolitafutia jibu, kwa nini anayekaza chombo hatajwi, huulizwa zaidi mbali na hapa, kuhusu mafundi wa piano. Piano ina vibao 88 na nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wa nyuzi hizo ukijumlishwa unakaribia tani 20. Chombo hicho nacho kinaugua hali ya hewa, ila kwa njia ya kinyume: unyevu unapoongezeka, ubao wake wa sauti huvimba, nyuzi zikakazika, sauti ikapanda. Fundi hukaa nacho peke yake mchana, ukumbi ukiwa mtupu, akisikiliza nyuzi mbili zinazogombana hadi zipatane. Tena hapatanishi kila kitu. Katika ulinganifu wa kisasa wa piano, baadhi ya sauti ambazo kwa asili zingeoana kikamilifu zinabanwa kidogo, kama sehemu moja katika hamsini ya nusu-toni, ili kosa ligawanywe kote na lisimkere mtu popote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ustadi wake ni kugawa dosari kwa haki. Kisha hukusanya vifaa vyake, akaondoka kabla watu hawajaanza kuingia.

Tarehe 20 Aprili 1986 Vladimir Horowitz alipiga piano Moscow, baada ya miongo sita nje ya nchi aliyoikimbia. Piano ilikuwa yake mwenyewe, imesafirishwa kutoka Marekani, na pamoja nayo alikwenda Franz Mohr, fundi mkuu wa Steinway. Mohr baadaye aliandika kitabu kuhusu kazi yake, na ni mmoja wa mafundi wachache wa piano ambao majina yao mtu wa kawaida anaweza kukutana nayo. Angalia lakini amelipataje jina hilo: kwa kusimama karibu na Horowitz. Fundi aliyewakazia nyuzi wapiga piano wasio na sifa, kwa ustadi ule ule, hana kivuli cha kujiegemeza.

Maelezo yanayotolewa kuhusu huku kutotajwa kwa fundi yanasikika kama hekima. Husemwa kwamba kuna kazi ambazo ubora wake ni kutoonekana. Fundi akifaulu, hakuna cha kusikia isipokuwa muziki. Anasikika siku aliyoshindwa. Kwa hiyo, wanasema, kutotajwa kwake ndiyo sifa yenyewe.

Nimelizungusha wazo hili, kama mzee na ngoma yake, na naona limelegea upande mmoja. Linachanganya kutosikika kwa kazi na kutojulikana kwa mtu. Mfikirie ngariba. Kazi yake ikiwa njema, kidonda kinapona na mambo yanasahaulika. Ni ile mbaya tu inayokumbukwa maisha yote. Kwa hoja hiyo ngariba ndiye angekuwa mtu asiyejulikana kuliko wote kijijini. Wakati huo huo hakuna mvulana uwandani kote huku asiyelijua jina lake, na akipita njiani wadogo hujificha.

Basi alfajiri, ngoma ilipopumzika, nikamsogelea mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Babu, mbona hawakukutaja? Wamemwimba mwenyekiti wa kitongoji, wamemwimba ngariba, hata aliyetoa mbuzi."

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini mlango hausalimiwi. "Mjukuu wangu, juzi hawa wamenifuata nyumbani. Wamekuja watatu, na baiskeli ya kunibebea. Wangeanza bila mimi? Sasa wakinitaja wanamwambia nani? Wote hapa wananijua."

Jibu lake lilinipokonya nusu ya insha niliyokuja nayo. Nilidhani nitamkuta mtu aliyesahauliwa, nimkute na uchungu wake nimwandikie. Kumbe alifuatwa. Kufuatwa nyumbani kwa baiskeli ni kutambuliwa kuliko kuandikwa nyuma ya kasha la kaseti. Zaidi ya hapo alifanya kazi yake katikati ya uwanja, moto ukimwangaza, na ngoma nzima ikimngoja. Kwao kukaza ngozi ni sehemu ya usiku. Kwenye ukumbi wa piano robo saa ile imehamishiwa mchana, mlango ukafungwa. Kazi ni ile ile, sikio ni lile lile. Aliyehamishwa ni mtazamaji.

Kwa hiyo jina la fundi lina mahali linapodondokea, na mahali hapo ni pale sauti inapotenganishwa na moto ulioitengeneza. Uwanjani halihitaji kutajwa. Sauti ikishasafiri bila watu wake, lazima kitu kisafiri nayo kueleza imetoka kwa nani, na hapo ndipo wenye kufunga mzigo wanapochagua cha kuweka na cha kuacha.

Huku kwetu safari hiyo ina umri wake. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alikuja Masasi na kukaa Newala akiwa na fonografu na silinda za nta. Vita vya Majimaji vilikuwa vingali vibichi. Alinasa nyimbo, akarudi nazo Ulaya, akachapisha kitabu mwaka 1908. Nta ya zama zile ilishika sauti ya mtu vizuri kuliko mrindimo wa ngoma, kwa hiyo mkaza ngozi alianza kupungua ndani ya mashine yenyewe, kabla hata ya karatasi. Baada ya uhuru sindimba ilipanda jukwaani Dar es Salaam pamoja na kikundi cha taifa cha ngoma, ikasifiwa kama ngoma ya Wamakonde. Kabila zima likapewa heshima, na hiyo si haba. Ila kabila halijawahi kushika bua la mtama likalisogeza motoni. Hufanya hivyo mtu, mwenye macho yanayouma kwa moshi.

Mkaza ngozi ana ndugu zake waliotoka kwenye shimo la kutotajwa, nao ni wachongaji. Mkono unaochimba gogo la ngoma na unaochonga kinyago ni wa ufundi mmoja. Kwa miaka mingi vinyago viliuzwa hivyo tu, kama kazi ya Kimakonde, bila jina la mtu. Kisha likatokea jina la Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani miaka ya 1950, na baadaye George Lilanga, ambaye kazi zake zilinunuliwa Ulaya, Japani na Marekani. Sidhani kama ulimwengu uliamka siku moja ukawa na haki. Wanunuzi waligundua kwamba kinyago chenye jina kina thamani kubwa kuliko kisicho nalo, na jina likafika likiwa limeshikana mkono na bei. Ngoma haikupata mnunuzi wa aina hiyo. Ikiwekwa ukutani inakufa, na fundi wake anakufa nayo.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamjua mtunzi, inamjua msanii anayeimba au kucheza, inamjua mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji. Mtu aliyehakikisha chombo kinasema kinachotakiwa kusema hayumo. Sheria inafuata alichotunga mtu, na yeye hatungi kitu. Watayarishaji wa bongo fleva, ambao miaka ya mwanzo nao walikuwa nyuma ya kioo tu, walipata ujanja wao: wimbo hauanzi mpaka jina la prodyuza au la studio limetamkwa ndani yake, na msikilizaji wa Newala anayajua majina hayo kabla ya kujua mashairi. Naipenda jeuri hiyo. Mkaza ngozi angeifanyaje? Agonge jina lake?

Na hata lugha, kwa nia njema, inasaidia kumfuta. Tunamwita fundi. Ni neno la heshima. Anayeitwa fundi hapigiwi kelele ovyo. Lakini likikaa miaka ishirini linameza alichopewa na wazazi wake. Nilimsikia mwanamke akimwagiza mtoto uji wa kumpelekea mzee: "Mpelekee fundi." Mtoto hakuuliza fundi gani.

Najua kuna pingamizi. Tukimtaja mkaza ngozi itabidi tumtaje aliyekata mti, na aliyemchuna mbuzi, na aliyelima mtama, mpaka orodha iwe ndefu kuliko wimbo, kama maandishi ya mwisho wa filamu ambayo watu huyapa mgongo wakitafuta mlango. Ni kweli. Ila aliyekata mti alimaliza kazi yake miaka iliyopita. Mkaza ngozi anaifanya usiku ule ule, kwa hesabu ya ukungu wa usiku ule, na wimbo unamngoja. Anapiga ngoma kama wengine; tofauti ni kwamba yeye anaipiga taratibu na kwa kidole kimoja.

Nilikuwa nimerekodi usiku wote kwa simu. Niliporudi nilimpelekea kijana mmoja wa studio anisafishie, nikamweleza niko radhi na kila kitu isipokuwa nyimbo zisikatwe. Alifanya kazi nzuri. Mbwa hawasikiki, watoto hawasikiki, sauti za wanawake zimetoka mbele. Nikasikiliza mpaka pale ngoma ilipoanza kukohoa, nikangoja mabua yapasuke motoni na kile kidole kianze kugonga. Wimbo ukaunganika hapo hapo, bila mshono. Nikampigia.

"Ile robo saa iko wapi?"

"Ipi, kaka? Pale kulikuwa kimya," akasema. "Kuna mtu tu alikuwa anagongagonga. Nimeshafuta."