Mzee Barzilai na Nyumba ya Kustaafu

Wapendwa, ukistaafu ukiwa na miaka 60 swali linakuja: nibaki hapa Katelembo, ama nihamie ile fleti nzuri ya Syokimau?

Yesu anatufundisha kupiga hesabu kabla ya kujenga (Luka 14:28). Tuseme kodi itoke 12,000 hadi 25,000. Hiyo ni 156,000 zaidi kila mwaka, na mshahara umeisha. Watoto wakisema, “Mama, sisi tutalipa,” hesabu imehamia kwao tu.

Sasa soma 2 Samweli 19:31-39. Barzilai hakukosa pesa. Alikuwa tajiri sana. Tena Daudi alitaka kumtunza bure kule Yerusalemu. Mzee wa miaka 80 akakataa. Utamu wa chakula cha mfalme hangeweza kuuonja, sauti za waimbaji hangezisikia, na hakutaka kuwa mzigo. Akamtoa kijana Kimhamu aende, yeye akarudi kwao.

Starehe si dhambi. Kama magoti yanauma na bado unabeba maji kwa mtungi, bomba la ndani ya nyumba utalifurahia kila siku. Hama na umshukuru Mungu. Lakini bwawa la kuogelea? Usilipie utamu usioweza kuuonja, halafu ukose jirani wa kuita usiku ukiugua.