Mwana Akinyea Kiganja Hakikatwi

Methali hii haina haya. Mzazi amempakata mwanawe, mwana amemchafua, na hakuna anayekimbilia shoka. Atanawa, kisha atampakata tena. Wengi wetu tunaishia hapo na kuiita methali ya msamaha. Mimi naiona inakwenda mbali zaidi, kwa sababu haisemi lolote juu ya kosa la mtoto. Inatazama kiganja, yaani mwili wa mzazi. Anayemtupa mwanawe anajikata mwenyewe. Kwa mantiki hiyo uzazi si tuzo ya mwenendo mwema. Ulikuwapo kabla mtoto hajatenda jema wala baya.

Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, methali inapata mtihani mgumu: kijana aliyebatizwa, akapata kipaimara, akaimba kwaya, kisha akasema haamini kwamba Mungu yupo. Kwa watu wa huku kanisa si jambo la juzi. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, na Africa Inland Mission ikaanza kazi Nassa mwaka 1909. Ndiyo maana mama yake anaona kijana hakumwacha Mungu tu, amewaacha pia mabibi na mababu waliozikwa chini ya misalaba.

Tazama kijana huyo anaporudi kutoka machimboni. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, imeiva, maji ya kunawa yamezunguka. Mama anasema, "Haya baba, tuombee chakula." Kijana kimya. Dada mtu anaidaka sala, anaimaliza haraka, na watu wanakula bila maneno. Usiku ndipo linapokuja swali: "Mwanangu, umeingia Freemason?"

Usimcheke mama huyo. Machimboni, duara, yaani shimo la kuchimbia, likigoma kutoa dhahabu, wapo wanaokwenda kwa mganga usiku na kanisani Jumapili. Mtu asiye na kanisa hudhaniwa amepata nguvu kwingine. Kumbe huyu amekataa kanisa na ramli pamoja. Na ramli ya huku imeua: vikongwe wa Shinyanga na Geita wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, watu wenye ualbino wakawindwa kwa ajili ya viungo vyao, hata Januari 2015 serikali ikatangaza marufuku kwa wapiga ramli. Katika hili Mkristo wa kweli na kijana asiyeamini wamesimama upande mmoja, na familia ingeweza kuanzia hapo mazungumzo.

Hata hivyo methali inapwaya mahali. Anayenyea kiganja ni mchanga, hajui atendalo. Huyu ni mtu mzima aliyefikiri, na kufikiri si uchafu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Nyegezi, alimjaza Kazimoto wa riwaya ya Kichwamaji (1974) mashaka ya namna hii, na Kazimoto akaishia kujiua. Wapo wanaoweza kuusoma mwisho ule kama mshahara wa kukosa imani. Mimi naona msomi aliyegeuka mgeni kwao. Mashaka peke yake mtu huishi nayo. Mashaka pamoja na kutengwa ni mzigo mwingine.

Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila Mtanzania uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Lakini Katiba haiketi jikoni na mama anayeuliza, "Nani atakuzika?" Swali hilo si la kutisha watoto. Asiyeonekana kwenye jumuiya ndogondogo za kanisa anajua kwamba siku ya msiba wake katekista na padri wanaweza wasifike.

Mzazi, basi, jibu swali hilo sasa, mwanao akiwa hai: mwambie atazikwa na ukoo wake, sala iwepo au isiwepo, na umwache anyamaze wakati wa kuombea chakula. Nawe kijana, methali inakudai pia, maana kiganja kile ndicho kilichokulea. Usikebehi rozari ya mama yako. Akiugua na akataka kupelekwa misa, mpeleke, umshike mkono hadi kwenye benchi lake.